Ngege Wenye Ute Pale Umoja

Mama yake Maurine alikuwa anasoma samaki kwa vidole. Miaka kumi na nane alikaanga samaki hapo kwa geti yao Umoja, na hakuna mchuuzi alijaribu kumuuzia ya jana akatoka na heshima yake. Anaweka kidole chini ya shavu la samaki, anakivuta polepole mpaka mkiani, anakinusa, halafu anasema, "Hii imelala tangu Jumanne. Pelekea paka." Na kweli ilikuwa imelala tangu Jumanne.

Halafu mambo mawili yakamkujia pamoja. Macho yakaanza kuingia ukungu, na samaki wa ziwa wakaanza kupotea sokoni. Wakabaki wa barafu, wale wanakuja kwa katoni wakiwa wagumu kama mguu wa kitanda. Macho angevumilia. Kilichommaliza ni hiyo katoni. Siku moja alishika samaki wa barafu, akamgeuza, akamtupa kwa karai na hasira.

"Huyu hana ute. Nimeshika mbao! Kwani mimi nimekuwa fundi wa viti?"

Ute ndio ule utelezi samaki hai anavaa mwili mzima. Mama Aoko, vile mtaa ulimwita mama yake Maurine, alikuwa anasema samaki bila ute ni kama mtu bila jina. Wiki hiyo hiyo akafunga jiko, akafunga mizigo, akarudi kwao Karungu kando ya ziwa. Maurine alimbebea begi mpaka kwa basi akilia kama mtoto wa nasari, na huyo ni dame wa miaka ishirini na tano, mwenye makanga wa Outer Ring wanamrudishia chenji haraka juu wanamjua mdomo.

"Mathe, utarudi lini?"

"Siku nitashika samaki mzima hapa Umoja, nyathina," mama akamwambia, kwa lile neno la kwao la kumwita mtoto wake. "Mwenye ute. Siku hiyo nitakuja."

Alisema vile mtu husema kuku akiota meno. Lakini Maurine alichukua hayo maneno akayaweka kifuani, na yakakataa kutoka.

Nyumba ilibaki kubwa. Aproni ya mama ilikuwa kwa msumari nyuma ya mlango, na harufu ya mafuta ya samaki ilikuwa imeshika ukuta wa jikoni. Kila akitoka kazi, huko Eastleigh anauza mapazia kwa duka la jumla, Maurine alikuwa anaingia jikoni kwanza, anasimama tu, anavuta pumzi. Miezi minne hivi. Halafu Jumapili moja aliweka pua kwa ukuta akanusa rangi. Rangi tu, basi. Alikaa chini kwa sakafu karibu saa nzima. Akiinuka alikuwa ameshaamua atafuga samaki.

Watu walicheka, wacha nisikudanganye. Alinunua matanki mawili makuukuu ya maji, akayakata juu na msumeno, akayaweka nyuma ya nyumba pale mama alikuwa anaoshea samaki. Vifaranga vya ngege, wale samaki wapana wa ziwa, akanunua kwa Patrobas, jamaa wa kutoka Kakamega ambaye alikuwa amewafundisha yeye na wengine ufugaji siku tatu kwa ukumbi wa kanisa. Patrobas ni mpole mpaka anaudhi.

"Nataka mia mbili," Maurine akamwambia.

"Nakupa sitini."

"Kwani pesa yangu ina ugonjwa?"

"Pesa ni nzima, dada. Ni tanki ndiyo ndogo. Samaki ako na askari wake ndani ya mwili, wa kupigana na magonjwa. Ukiwabananisha wanaishi na wasiwasi, na samaki akiwa na wasiwasi hao askari wanalala. Ugonjwa unaingia kama mwizi amepata geti wazi." Halafu akaongeza, "Wewe usifikirie unalea samaki. Lea maji. Maji ikiwa sawa, samaki atajilea."

Akamwonyesha vile pampu inapitisha maji kwa ndoo ya kokoto, na kwa hizo kokoto kunaishi vijidudu vidogo havionekani, vinakula uchafu wa samaki. Akamkataza kuweka maji ya mfereji moja kwa moja, lazima ilale siku mbili kwa jua ile dawa kanjo inaweka ya kuua viini itoke. Tanki la pili likawa la hiyo maji ya kulala. Na akamwambia asishike samaki na mkono mkavu, juu anamvua ute, na ute ndio geti ya kwanza ya mwili. Hiyo ya mkono Maurine alikuwa anaijua. Alikuwa amechapwa nayo na mama akiwa darasa la pili.

Januari mpaka Julai, sitini wote wakawa wazima, wakafika saizi ya kiganja. Kila jioni anakaa hapo na kikombe cha chai, anawaangalia wakipanda kula, anafikiria kidole cha mama kikipita kutoka shavu mpaka mkia.

Halafu simu ikakuja. Mama amepata siku ya kupasuliwa macho hapa Nairobi, wiki tatu zijazo, atafika Jumamosi ya kabla yake. Maurine hakusema lolote kuhusu samaki. 

Sasa, ploti za Umoja ziko na sheria moja haijaandikwa mahali. Maji inakuja mara moja kwa wiki, na ikikuja jirani yako hayuko, unamjazia. Mitungi, karai, sufuria, chochote chenye mdomo. Ukikosa kumjazia, wewe si mtu. Mumo, dereva wa basi ya shule anayeishi nyumba ya pili na kuku zake, ambaye wote wanamwita Baba Mwelu, hakuwahi kukosa.

Jumatano moja maji ilikuja saa nane mchana, Maurine akiwa Eastleigh. Mumo akajaza vyake, akajaza mitungi ya Maurine yote. Halafu akaangalia tanki la samaki akaona maji imeshuka kidogo na imeingia rangi ya kijani. Akawaonea huruma. Akaingiza mpira wa mfereji ndani, akaenda kula.

Maurine alifika saa kumi na moja. Samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanameza hewa kama watu wametoka kukimbizwa.

"Nani ameweka maji hapa?"

Mumo akatokea akipangusa mikono, ametabasamu, anangoja shukrani. "Ni mimi. Usijali, ndio ujirani."

"Baba Mwelu, umeniulia samaki!"

"Na maji?" Mumo akaangalia huku na huku kama anatafuta shahidi. "Samaki anauawa na maji? Hiyo hata ukipeleka kwa chifu atakupa kiti upumzike."

"Maji ya mfereji iko na dawa! Inachoma mashavu yao! Inaua vijidudu vya kokoto!"

"Lakini sisi tunakunywa hiyo maji kila siku."

"Wewe unapumua nayo? Uko na mapezi wewe? Manze hata kuku zako zimekushinda akili!"

Watoto wa ploti wakapasuka kicheko. Mumo alikunja ule mpira wake polepole, akaingia kwake.

Patrobas kwa simu hakupandisha hata sauti. Akamwambia ahamishe samaki wote kwa ile maji ya kulala, saa hiyo hiyo, mikono ikiwa na maji, apunguze baridi, aweke chumvi ya mawe kidogo, asiwape chakula siku mbili. "Tumbo likiwa tupu maji haichafuki. Kokoto zimekufa, zitachukua wiki kadhaa kurudi. Na hii baridi ya Julai imewashika vibaya, dada. Jipange."

Asubuhi kulikuwa na saba wameelea. Kesho yake tisa. Kisha wale wazima wakaanza kuota kitu cheupe kama pamba mgongoni, na wengine vidonda vyekundu kando ya mapezi. Maurine alifunika tanki na karatasi ya nailoni, akawa anabadilisha maji kidogo kidogo kabla ya kazi na baada ya kazi. Anahesabu kila siku. Thelathini na nane. Thelathini. Ishirini na mbili. Na hiyo Jumamosi ya mama inakaribia.

Jumapili baada ya kanisa Mumo akabisha. Alikuwa ameshika kipakiti.

"Hii ni ya kuku," akasema, macho chini. "Zangu zilikuwa zinakohoa. Siku mbili, zikawika. Jaribu."

Maurine akakoroga dawa kwa kikombe. Maji ikawa ya njano. Kabla amwage ndani ya tanki akapigia Patrobas.

"Wengine watachangamka," Patrobas akasema. "Lakini hiyo pamba ni ukungu, dawa ya kuku haiugusi. Na itaua vijidudu vipya vya kokoto, urudi mwanzo. Tena inaingia kwa nyama. Huwezi kumpa mtu huyo samaki ale, na mimi siwezi kukuambia ungoje siku ngapi, juu haikutengenezewa samaki."

Maurine akakata simu. Akasimama na kikombe juu ya tanki. Akili ya mtaa ikaanza kumwongelesha: mama alisema kushika tu. Samaki wachangamke hiyo Jumamosi moja, mama ashike, arudi nyumbani. Kuna shida gani? Mkono ukaanza kuinama.

Lakini aliona kile kidole. Kutoka shavuni mpaka mkiani, halafu puani. Huyu ni mwanamke alijua Jumanne. Na samaki akishikwa na Mama Aoko, kinachofuata ni kisu na mafuta ya moto, na atataka mwanawe ale upande wa tumbo kama zamani. Maurine amlishe dawa ya kuku? Amdanganye mama kwa kitu cha pekee ambacho macho hayakumnyang'anya?

Akatoka hapo, akamwaga kwa mtaro.

"Umemwaga dawa yangu?" Mumo akauliza.

"Nimemwaga. Na... ile maneno ya kuku, Baba Mwelu. Pole."

Mumo akakuna kichwa. "Kuku ni wajanja, hata mimi najua." Akageukia tanki. "Sasa nifanye nini? Siwezi kaa tu nikiangalia."

"Laza maji. Jaza mitungi yako, acha wazi kwa jua siku mbili, uniletee."

Kuanzia hapo mlango wa Mumo ulikuwa na foleni ya mitungi imefunguliwa midomo, na mkewe akaambiwa hiyo maji haiguswi hata kama ugali inaungua. Maurine akawa anaponda kitunguu saumu, anachanganya na chakula kidogo sana, mwenye kutaka ale. Kumi na nane. Kumi na nne. Kumi na moja.

Kesho yake, kumi na moja. Keshokutwa, kumi na moja. Aliwahesabu mara tatu akaogopa kufurahi.

Mama alifika Jumamosi saa nne asubuhi, amekonda, ameshika mkono wa mwanawe kupita kwa geti yake mwenyewe. Maurine hakumpeleka sebuleni. Alimzungusha moja kwa moja mpaka nyuma. Mama akasimama, akainua kichwa kidogo.

"Nini hiyo inapiga maji?"

Maurine alichukua mkono wa mama akauweka kwa ukingo wa tanki. Yule mzee, bila kuambiwa, akakunja mkono wa nguo, akaloweka mikono yote miwili mpaka kwa kiwiko, akangoja. Hakukimbiza samaki. Aliacha tu mikono ndani mpaka maji ikaizoea. Ngege mmoja akapita, akarudi, na vidole vikamfunga polepole bila kumtoa nje ya maji.

Kidole kikatoka shavuni. Kikafika kando ya pezi, kikasimama.

"Huyu alikuwa mgonjwa."

"Sana, mathe."

"Kidonda kimefunga. Ute umerudi juu yake." Mama akaleta kidole puani, akanusa muda mrefu kupita samaki wote wa miaka kumi na nane. "Umempa dawa?"

"Chumvi na kitunguu saumu. Na maji safi. Mathe, walikuwa sitini, wamebaki kumi na moja. Chagua wako, jiko limewaka."

Mama akafungua vidole. Ngege akaenda.

"Ameumwa karibu kufa, amejipigania mpaka amepona, halafu mimi nimkaange? Hawa ni mbegu, nyathina. Watoto wao watakuwa na mwili mgumu. Watazaa lini?"

"Baridi ikiisha. Jua likirudi, kama Oktoba hivi."

"Basi nitakuja Oktoba na karai yangu."

Maurine alitaka kusema mengi. Alikuwa amejipanga wiki tatu nzima mama abaki: chumba kimepigwa deki, aproni imefuliwa. Lakini mama alikuwa bado na mikono ndani ya maji, anacheka kidogo peke yake, na hakuna mtu angemharibia hiyo. Wakala sukuma wiki na mayai ya Mumo. Jicho moja likapasuliwa Jumatatu, na baada ya siku kumi mama akapanda basi kurudi Karungu, kuna mbuzi na kuna jicho la pili la kungojea. Aproni ikarudi kwa msumari.

Sasa ni Agosti na baridi bado inauma. Kila jioni simu inalia, na mama haulizi tena kama Maurine amekula.

"Wamekula?"

"Ngoja."

Maurine anatupa chakula, anashusha simu karibu na maji, anaishikilia hapo. Ile midomo kumi na moja inapanda, inapiga, pa, pa, pa. Huko Karungu mama amebana simu sikioni. Maurine anasikia tu pumzi yake, na nyuma ya pumzi, mbali, ziwa.