Siku Mshenga Aliposoma Paswadi Yangu kwa Sauti

Nawasimulia hili kwa sharti moja, mcheke polepole, maana mke wangu yuko hapo nje anaanika mahindi na akisikia atakuja kuongeza chumvi, na mkasa wenyewe hauhitaji chumvi, aibu yake inatosha. Mimi Baba Janeth, mtu mzima mwenye mvi, muuza vipuri vya pikipiki hapa Babati, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya usuluhishi (hilo la usuluhishi mliweke akilini), niliumbuka mbele ya wakwe kwa sababu ya kidude chenye taa nne.

Kidude chenyewe ni ruta ya waifai. Nyumba yetu pale Maisaka imekaa bondeni, ndani mtandao wa simu ni wa kubahatisha, na sehemu pekee unaposhika vizuri ni kona ya uzio upande wa jirani. Fundi aliyetuletea ruta alizunguka nayo nyumba nzima akiinua na kushusha, mwisho akaiweka kwenye dirisha la sebuleni linalotazama ile kona, akaniambia, mzee, hapa isitoke. Ikawa kazi yake ni safi, mke wangu anaangalia mapishi, mimi naangalia mpira, amani imetawala.

Lakini mimi nilivyo, kitu nikishakinunua nataka kionekane. Dirishani kuna vumbi, halafu mgeni akiingia anaona pazia tu, hajui kama hii nyumba ina waifai. Basi siku moja nikaihamishia kwenye kabati la vyombo vya wageni, nikaipanga katikati ya hotipoti mbili za chuma na lile sinia kubwa tulilopewa kwenye harusi yetu, nikaifunika kitambaa cha kufuma (sebuleni kwetu kila kitu kina kitambaa, hata redio), nikafunga kabati kwa ufunguo na ufunguo nikautia mfukoni. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaitazama nikaridhika.

Wiki hiyohiyo intaneti ikaanza kuchechemea. Mpira unakwama mchezaji akiwa mguu juu, mapishi ya mama yanaishia kwenye kukata vitunguu. Mnadhani nilimkumbuka fundi? Wala. Nikazima nikawasha, nikatoa laini nikaisugua kwenye shati nikairudisha, nikaipulizia, nikanunua bando kubwa zaidi, na kila nikimaliza nairudisha kabatini kwenye hotipoti zake na kuifunika vizuri. Hali ileile. Ndipo jioni moja nikamwona jirani yetu Mama Upendo, mama mtu mzima ambaye namwamkia kila siku ya Mungu, amesimama kwenye ile kona ya uzio, simu sikioni, anacheka. Kesho yake yupo tena. Keshokutwa yupo. Nikajiambia, kumbe mchawi wangu ndiye huyu.

Ningeweza kumuuliza, sivyo? Mdomo ninao na uzio wenyewe ni wa miti, unaongea na mtu mnaonana. Mimi nikaingia ndani kimyakimya nikabadilisha paswadi, na kwa hasira niliyokuwa nayo nikaandika, herufi ndogo zote bila nafasi, mamaupendomwiziwabando. Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa. Kwenye simu ya mke wangu na ya Janeth nikaiingiza mwenyewe, nikawaambia ni mambo ya usalama. Intaneti haikubadilika hata kidogo, nami badala ya kujiuliza nikahitimisha kwamba mama huyu ana utaalamu.

Sasa posa ikaja. Binti yangu Janeth alipata mchumba, Daniel, kijana mwenye heshima zake, wazazi wake ni wakulima huko juu Mbulu. Wakapanga kuja Jumamosi saa nne asubuhi. Kwenye ukoo wetu posa haipokelewi na baba mzazi, inapokelewa na mkubwa wa familia, na mkubwa ni kaka yangu Elia ambaye yuko kazini ng'ambo, nchi ya baridi. Yeye asiposema kwa kinywa chake "tumepokea", basi haijapokelewa, wageni wanarudi na barua yao. Watu wakauliza itakuwaje, nami nikapiga kifua kwamba hapa kuna waifai, kaka atakuwepo sebuleni kama mmoja wetu.

Mke wangu akaenda kwa Mama Upendo kuomba viti na sufuria. Akapewa viti vyote vya plastiki, na alfajiri ya Jumamosi Mama Upendo mwenyewe akaja na kanga yake kiunoni kukaanga samaki wa ziwani. Nilipomkuta jikoni nikamwambia shikamoo, akanijibu marahaba mwanangu, hongera. Nikasikia kitu kinanichoma hapa kifuani, lakini nikajipoza kwamba neno la siri ni siri.

Wageni wakafika. Baba mkubwa wa kijana, Mzee Bura, mtu wa maneno machache, na mshenga wao Mwalimu Gwandu, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza mwenye sauti ya kusoma matangazo kanisani. Simu yangu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, nikapiga, kaka akatokea. Akasema "Bwana asifiwe," tukaitikia, na hapo akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Tukasubiri. Mshenga akamsalimia akiwa ameganda hivyohivyo, kwa heshima. Nikaiinua simu, nikaitikisa, nikaizungusha, kaka kaganda tu, mpaka Mzee Bura akaniuliza kwa upole kama ndugu yangu huyo afya yake ni nzuri.

Mwalimu Gwandu akasema labda simu yangu imechoka, yake ni mpya, nimpe paswadi ajaribu kwa yake. Nikamtajia ile ya zamani, ikakataa. Nikasema basi, nimesahau. Mke wangu akiwa mlangoni akasema mbele ya watu, si uliibadilisha mwenyewe juzijuzi tu (wake zetu hawa). Nikamwomba mwalimu anipe simu niandike mimi, akakataa, akasema mtu hujifunza kwa mkono wake. Ikabidi nimwinamie nimnong'oneze sikioni.

Kosa langu nilisahau huyu ni mwalimu wa darasa la kwanza. Hawezi kuandika kitu bila kukisoma. "Mama," akasema, sauti inajaa sebule. "Upendo." Watu wakatabasamu, wakadhani nimemuenzi jirani, na Mama Upendo mwenyewe alikuwa ndiyo anaingia na sinia la samaki, naye akatabasamu. "Mwizi." Mwalimu akasimama hapo, akanitazama juu ya miwani. "Mwizi wa nini, umesema?"

"Wa bando," nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe.

Mama Upendo akaweka sinia mezani taratibu, akafungua pindo la kanga, akatoa simu yake akaiweka mbele yangu. Kilikuwa kitochi, kile kisimu cha vibonye, kimefungwa mpira betri isianguke. Intaneti hakijawahi kuisikia tangu kitoke kiwandani.

"Baba Janeth," akasema, "hiki kinaiba kwa mlango upi?"

Kumbe jioni anaongea na Upendo wake aliyeolewa mbali, na pale kwenye kona ndipo mtandao unaposhika, jambo ambalo mtaa mzima unalijua, na mimi nalijua. Nikatazama sebule, nikaona wageni wote wamekalia viti vyake na wananusa samaki wake. Mzee Bura akakohoa, akarudisha barua ya posa kwenye mfuko wa koti. Akasema kwao hawaposi kwenye nyumba iliyokosana na jirani, kwa sababu bibi harusi huja na ugomvi wa kwao. Tupatane kwanza, na kama leo haiwezekani, watarudi siku Mungu akipenda. Nyuma ya pazia la korido nikamsikia Janeth anavuta kamasi, na kilio kile kiliniuma kuliko aibu yote.

Basi mwenyekiti wa usuluhishi akapiga goti, na suruali yake ya suti. Nikasema yote, ya uzio, ya hasira, ya kucheka peke yangu. Mama Upendo akanisikiliza huku anafuta mikono. Akasema amenisikia, amesamehe, ila anataka kukiona hicho alichokuwa anakiiba. Nikamwonyesha kabati. Akachungulia kiooni, akatazama hotipoti, akatazama sinia, akatazama kitambaa, mabega yakaanza kumcheza.

"Redio yangu nikiiweka nyuma ya debe la unga haishiki hata misa," akasema. "Wewe yako umeizika na vyombo, ukaifungia na ufunguo. Lete."

Nikatoa ufunguo, yeye akaitoa ruta akaipeleka palepale dirishani alipoiweka fundi, nami nikachomeka waya. Taa zikawaka, simu ikaita. Alikuwa kaka, anaonekana mpaka vinyweleo vya kidevu, na kumbe katika yote yaliyosemwa alinasa neno moja tu.

"Huyo mwizi amekamatwa?" akauliza.

"Amekamatwa," Mama Upendo akamjibu. "Amepiga goti hapa."

Sebule nzima ikaangua kicheko, hata Mzee Bura, na mkono wake ukarudi kwenye mfuko wa koti. Barua ikatoka, ikasomwa, na kaka akasema tumepokea.

Kabla ya kubeba viti vyake Mama Upendo akataka lile jina lake lifutwe humo, nami niandike anavyonitajia. Nikaandika samahanimamaupendo, na mpaka leo ndiyo paswadi ya nyumba yangu, mke wangu amekataa isibadilishwe. Ruta imekaa dirishani na vumbi lake, na mimi nimeapa, jirani nikimshuku nitamfuata uzioni nimuulize usoni.

Jumapili iliyopita Daniel alikuja na simu mpya, akasimama dirishani kuunganisha, na kumbe ana tabia ya mshenga wake. "Samahani," akasoma, "mama, Upendo." Sauti ikatoka upande wa pili wa uzio, kwa upole kabisa: "Wewe hujanikosea kitu, baba. Mwite mkweo arudie mwenyewe."

Nikatoka nje nikarudia.