Hodi Mteremkoni

Mutuma, muuguzi wa mtaa wa Flemingdon Park huko ughaibuni, alijifunza kuteleza kwenye theluji ukubwani, akashika sheria moja tu: aliye mbele yako ndiye mwenye njia. Kwa hiyo hakumpita mtu bila kupiga hodi, kama alivyolelewa kwao Meru. Kila Jumamosi alishuka kilima juu ya ubao wake akinguruma, "Hodi, hodi," na watu wa skii, wakidhani ni kichaa, walimpisha. Hakuwahi kumgonga mtu.

Mpaka siku alipompigia hodi Bi Rehmat, mzaliwa wa Mombasa. Bibi akajibu, "Karibu," kisha akasimama katikati ya njia kumpokea mgeni.

Walipookotwa kwenye theluji, bibi alikuwa bado anafoka: "Hodi umepiga vizuri, mwanangu. Ndiyo uingie na mlango?"