Mama Nyoosha na Mkono wa Mdogo Wake

Hakuna aliyewahi kumwona Mama Nyoosha amekaa kitako mpaka akamaliza kikombe cha chai. Alikunywa amesimama mlangoni, ufunguo mkononi, akimsemesha mtu aliye ndani huku macho yakimfuata apitaye nje.

Jina hilo alipewa na wagonjwa. Utumishi wake wote ulikuwa wa tiba ya viungo katika hospitali kubwa ya mji, akiwafundisha waliopigwa na kiharusi kutembea upya, kushika kijiko, kufunga vifungo, na neno lililomtoka kutwa nzima lilikuwa "nyoosha!" Chumba alichopewa kilipakana na kwa dobi, kikijaa mvuke na harufu ya sabuni. Madaktari vijana waliiita kazi yake kukanda. Alipowauliza kama nao wangefurahia kuitwa wachoma sindano, wakasema mama huyu ana mdomo. Siku ya kustaafu walimmiminia sifa, na kabla sifa hazijakauka chumba kikageuzwa stoo ya viti vibovu. Wagonjwa waliokuwa katikati ya mazoezi wakaambiwa waende nyumbani wakapumzike. Wapumzike! Nusu ya mwili imelala, nayo dawa yake eti ni kulala zaidi!

Basi akauvamia ukumbi wa mtaa. Mwenyekiti alipomkumbusha kwamba ukumbi ni wa mikutano, alijibiwa, "Fanya mkutano wako, baba, nami nitakusogeza pamoja na kiti chako." Jirani yake, dereva mstaafu ambaye mkewe alijifunza kutembea tena humo humo, akawa msaidizi wake. Watu walisema mama ana moyo wa kujitolea. Ni maneno matamu, lakini yana hila ndani yake: mwanamke akibeba peke yake mzigo wa hospitali nzima, huambiwa ana moyo, na wenye wajibu huendelea kushika hamsini zao.

Ukumbini palikuwa na amri moja: ndugu aliyemleta mgonjwa atie mikono yake mfukoni. Mama Nyoosha alikuwa ameona mengi. Ndugu humlisha mgonjwa, humvisha, humfuta mdomo, yote kwa mapenzi, mpaka mkono mgonjwa ukasahau kwamba uliwahi kuwa na kazi. Aliyevunja amri alifokewa bila kujali mvi zake.

Kisha kiharusi kikampiga mdogo wake, fundi cherehani, na kumlegeza mkono wa kulia, ule ule uliomlisha. Mama Nyoosha alimhamishia kwake. Asubuhi alimvisha gauni upesi upesi, akamfunga vifungo, akamnywesha uji, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wanamngoja na hakuwa na subira ya kutazama vidole vikihangaika. Wiki zikapita. Miguu ya mdogo mtu ikapata nguvu. Mkono ukabaki umelala mapajani kama kitu cha kuazima.

"Mbona huu haushiki?" Mama Nyoosha alimaka siku moja ukumbini, akiugeuza mkono huo huku akimweka mdogo wake sawa mtandio.

Dereva akakohoa. "Mama, nikisema utanimeza?"

"Sema, shemeji. Sijala tangu asubuhi, lakini sema."

"Mimi nilipomshikia mke wangu kikombe ulinitoa nje kama mlevi. Wewe hapa umemfuta jasho, umemfunga mtandio, na nilipomsalimu umeitikia wewe. Huyu amekuja mazoezini au amekuja kubebwa?"

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa Mama Nyoosha.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema.

"Na yule alikuwa mke wangu."

Usiku ule hakupata usingizi. Alimkasirikia dereva, akaikasirikia hospitali, akamkasirikia hata dobi. Na hasira zote zilipomaliza mzunguko wake zikamrudia mwenyewe. Yeye, aliyewakaripia watu wazima kwa kosa hilo, ndiye aliyekuwa akiuua mkono wa fundi, kwa haraka tu.

Asubuhi aliweka gauni kitandani na kusimama kando. Mdogo wake alilitazama gauni, akamtazama dada yake aliyekuwa akipigapiga sakafu kwa kisigino.

"Dada," alisema polepole, maneno yakimtoka mazito, "toka nje."

"Nikuache hivi hivi?"

"Unanitia haraka. Toka."

Akatoka. Alizunguka ua, akafagia palipokwisha fagiwa, akafua kitambaa kisafi. Ndani kitu kikaanguka kwa kishindo. Alifika mlangoni kabla ya kujua kwamba amekimbia.

"Usithubutu!" sauti ikamwahi. "Ni kiti tu. Mimi nimesimama."

Ukumbini watu walikuwa wamekwisha anza kungoja. Wangoje. Jua lilipanda ukutani, naye akashindana na miguu yake isiyojua kutulia.

Hatimaye mlango ukafunguka. Gauni lilikuwa limefungwa upande, kila kifungo katika tundu la jirani yake, kola upande mmoja imepanda sikioni. Na mdogo mtu alikuwa analowa jasho, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kushona nimewashonea watu maisha yangu yote," alisema, "sijawahi kutoa kazi mbaya kama hii. Twende."

Wakatoka pamoja barabarani. Kila aliyepishana nao alilikodolea macho lile gauni, na Mama Nyoosha akamsalimu kila mmoja kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.