Maundu na Ubao wa Kukatia Nyama

Kaka yangu Kimanzi simwelewi mpaka leo, na sioni haya kusema. Alikuwa msimamizi wa kichinjio cha Mzee Burale hapa Kitengela. Mwaka wa tisini na nane alipelekwa semina Nairobi, akarudi na maneno mapya: kila kazi iko na mahali pamoja panapoibana, na ukiharakisha kwingine unajisumbua bure.

Wachinjaji walikuwa wengi, lakini mkaguzi wa kupiga nyama muhuri alikuwa mmoja. Kimanzi akapunguza kasi ya kuchinja, akaweka watu wa kumpangia mkaguzi nyama kwa ndoano asitafute kitu. Wengine wakakaa. Burale akawaka. "Kimanzi, nalipa watu kuota jua?" Lakini nyama ikaanza kufika Nairobi mapema kuliko zamani. Hapo akili yangu ikagoma.

Kisha zahanati moja ya kanisa kule Kajiado ikamwita. Foleni ilikuwa inafika getini kwa sababu mpimaji damu alikuwa peke yake, na bado yeye ndiye anaandika kadi. Kimanzi akamwondolea kalamu, akampa mwingine. Foleni ikapungua.

Basi mimi, mwenye hoteli ya nyama choma kando ya barabara ya Namanga, nikaona nimepata mwokozi. Muthoni alikuwa amefungua choma yake ng'ambo ya barabara, na mimi nasomesha watoto na hilo jiko pekee. Likizima, wanarudi nyumbani. Kimanzi akakaa kutwa akitazama, akasema, "Ni Maundu."

Maundu ndiye mkataji wangu. Nyama ikiiva anabeba ubao mpaka mezani kwako, anakukatia mbele ya macho yako huku akikupasha habari za mji, nani ameuza shamba, nani ameoa wa pili. Meza zingine zinangoja. Kimanzi akamfungia jikoni, akate tu, wasichana wabebe sahani. Nyama ikafika mezani ikiwa moto, nikamshukuru Mungu.

Mwezi haukuisha, watu wakahamia kwa Muthoni. Nikamwendea Kimanzi nimefura.

"Umenimaliza. Nyama inatoka mbio na hakuna wa kuila."

"Sielewi, Ndeti," akasema. Nilitaka kumzaba kofi, lakini nikaona amechanganyikiwa kuliko mimi. "Kule kichinjioni wanataka nyama. Kwako wanataka nini?"

Na mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba naogopa, kwa hivyo nikamrudisha Maundu mezani na ubao wake kama zamani.

Wateja wakarudi mmoja mmoja. Jumamosi moja Kimanzi akaja na njaa, akakuta meza zimejaa. Mbavu zake zikaiva, zikaletwa, zikaanza kupoa. Maundu alikuwa meza ya pili, kisu hewani, hadithi katikati. Nikamwonea kaka yangu huruma, nikachukua kisu nimkatie mimi.

"Wacha," akasema, sikio limeelekea kule. "Namngoja Maundu."