Kanda za Shangazi

Kila nirudipo Mombasa huzipita nyumba ambamo shangazi alipigia video za kupamba, sherehe ya bi harusi isiyoingiwa na wanaume. Naanzia Bondeni, naishia Kuze, alikoishi. Leo mlangoni pake panatoka harufu ya plastiki inayoungua.

Harufu hiyo hiyo ilitanda hapa alipofariki, nyanya alipozirundika kanda zake zote uani.

"Humu mna wake za watu, vichwa wazi," alisema, akimimina mafuta ya taa.

Nilimshika buibui. "Nyanya, hata ile ya mama?"

"Hasa hiyo, mwanangu. Mamako hawezi tena kujifunika mwenyewe."

Ndani ya kanda ile mama alikuwa akicheza chakacha, akicheka, nywele kaziachia. Sikumbuki tena kama zilimfika mabegani au kiunoni.