Leso ya Mwambire

Mwambire wa Gede alipanda minazi kugema tembo tangu ujana wake, na hakuanguka hata mara moja. Aliyeanguka ni mkewe Kadii, aliyekuwa akitembea zake chini, kando ya barabara, mwaka juzi. Gari lilimgonga. Watu wakamfunika leso gubigubi, wakalia. Walipomwinua wampeleke nyumbani, leso ikatikisika usoni kwa pumzi yake. Wakamkimbiza hospitali; kufika, keshakata roho, na kilio chao kikawa cha kweli.

Basi Thuku, mwalimu wa huduma ya kwanza kutoka bara, alipokuja kuwafundisha wenye maduka kuokoa watu wa ajali, Mwambire akajitolea kuwa majeruhi. Alitaka kitu kimoja tu: mtu wa Gede atege sikio mdomoni mwa majeruhi kabla ya kulia.

"Mzee, umevunjika mguu, na hujui uko wapi," akasema Thuku.

"Hilo la pili nimelizoea."

"Usiseme wala usitikisike mpaka nikwambie."

Wakamfunga mguu kwa mbao huku na huku, wakamfunika leso mpaka kifuani apate joto. Wakasifiana. Kisha chai ikaja, na majeruhi akasahauliwa pale pale.

Mama Kavumbi, jirani yake, akapita na ndoo ya maji. Akamwona kalala kando ya barabara ile ile. Akatua ndoo, akamvutia leso mpaka usoni kwa heshima zote, akapiga ukemi. Wanawake wakajaa.

"Mwambire wee! Umemfuata Kadii!"

"Na tembo lake lile zuri!"

"Zuri? Siku hizi lilikuwa maji matupu."

Mwambire akauma meno. Akangoja sikio.

Wanafunzi wa Thuku wakaja mbio, mahamri mkononi. Mmoja akaulizia jeneza. Thuku mwenyewe akavua kofia.

"Na mguu tulimfunga vizuri," akanong'ona.

Jedida, muuza viazi karai, mmoja wa wanafunzi, ndiye aliyepiga magoti. Akafunua leso, akaweka sikio mdomoni mwa mzee na mkono kifuani.

"Nyamazeni! Anapumua!"

Mama Kavumbi akaanza kutafuta ndoo yake. Thuku akavaa kofia.

"Hilo ndilo somo la leo," akasema.

Mwambire hakufumbua macho. Chozi lilimtoka, likateremka mpaka sikioni.

"Sema tena, mwanangu," akamwambia Jedida. "Kwa sauti. Wasikie wale wa mwaka juzi."