Kilo za Baba

Chelangat alikuwa na miaka tisa baba yake Noah alipomtoa shule, akamfungia kikapu mgongoni na kumpeleka kuchuma majani chai, ili kaka yake Alexander apate viatu na vitabu. Hakuulizwa. Leo ana miaka arobaini na tisa, hajaolewa, hajui kusoma. Lakini namba za mzani anazijua. Amepanga foleni kwenye kituo cha kununulia majani tangu utotoni, na hakuna karani aliyewahi kumpunja hata nusu kilo. Katika maisha yake hicho ndicho kitu alichokuwa na uhakika nacho.

Noah alipoanza kusakamwa na ugali, walidhani ni meno. Baadaye hata chai ikawa haipiti. Hospitalini walisema ni kansa ya koo. Walimtia mpira mdogo ndani ya koo ili chakula kipate njia, wakamwanzishia dawa ya mshipani, kila baada ya wiki tatu. Alexander ndiye aliyewapeleka kwa gari lake kutoka Nakuru, lakini daktari alipotoa maagizo alimtazama Chelangat.

"Mama, kazi yako wewe ni kilo. Asishuke chini ya arobaini na tano. Akishuka hatuwezi kumpa dawa, itammaliza."

Nyumbani hawakuwa na mzani wa watu. Kituo kilikuwa hapo ng'ambo ya kijito, kwa hiyo kila Jumatatu Chelangat alimkalisha baba yake kwenye wilbaro, akamsukuma mpaka kwenye foleni ya wachumaji. Noah aliingia katika gunia la majani akajikunja kama mtoto, akaning'inizwa kwenye ndoano, miguu ikitokeza nje.

"Arobaini na tisa," alisema Benard, karani.

"Toa kilo moja ya gunia," Noah alisema mwenyewe. Majani yake hayakuwahi kukataliwa hata siku moja. Wengine walinyunyizia maji, wengine walificha mawe ndani ya gunia, na ndiyo maana Benard alizamisha mkono mpaka kiwiko katika kila mzigo. Lakini nani ampekue mzee mgonjwa?

Wiki iliyofuata ilikuwa arobaini na nane. Iliyofuata tena, arobaini na nane na nusu.

"Mzee, umenyeshewa leo?" Benard alitania. "Umezidi."

"Dada, mchunge," alisema Janefer, jirani yao Mkisii. "Akiendelea hivi atatafuta mke mwingine."

Chelangat akacheka mpaka akajishika mbavu. Alikuwa akiamka mapema kupika uji wa wimbi na maziwa, kuuchuja kwa kitambaa, na kuchuja mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, mpaka ikawa laini kama maji. Noah aliomba aachwe peke yake wakati wa kula, maana aliona haya kwa namna alivyomeza. Chelangat alimheshimu, akatoka. Bakuli lilirudi tupu. Alexander alipiga simu kila Jumapili kuuliza, naye alimjibu kwa majivuno, "Arobaini na nane."

Siku ya dawa ya nne, nesi alimwambia Noah safari hii avue koti lake kubwa la mvua, ambalo siku hizi hakuliacha hata jua likiwaka, akampandisha kwenye mzani. Arobaini na nusu. Dawa ikazuiwa.

"Uliniambia arobaini na nane," Alexander alisema pale kwenye korido, watu wakisikia.

"Ilikuwa arobaini na nane."

"Umejuaje? Wewe unajua kusoma? Kazi yako ilikuwa moja tu, Chelangat. Moja. Chakula kilikuwa kinaenda wapi?"

Noah alikaa kwenye benchi, koti mapajani, akiangalia sakafu.

"Jumamosi naleta mtu anayejua kazi," Alexander akasema. "Wewe rudi kwa majani yako."

Walipofika nyumbani, Chelangat alitaka kulitundika lile koti. Lilimvuta mkono. Akapapasa ndani, kwenye mifuko ya bitana, akatoa mawe ya mtoni saba, kila moja kama ngumi. Aliyapanga kitandani mbele ya baba yake.

"Haya ni nini?"

"Ni mawe." Sauti ya Noah ilikuwa imebaki nyembamba kama ya kitoto.

"Naona ni mawe."

"Chakula hakipiti tena. Tangu ile dawa ya pili. Nilikuwa nampa mbwa."

Chelangat akakumbuka mbwa wao alivyonenepa, akajiona mjinga.

"Ungesema, Baba. Wangeangalia huo mpira. Labda umeziba tu."

Noah alilisukuma jiwe moja kwa kidole. "Jumatatu ulikuwa unacheka," akasema. "Sijakuona ukicheka tangu nilipokutoa shule."

Chelangat alitaka kulia, hasira ikamzuia. Maisha yake yote alingoja mtu huyu ampe kitu, na sasa amempa mawe.

"Utamwambia Alexander?"

"Nitamwambia," Noah akasema.

Jumamosi Alexander alikuja na mwanamke mmoja mwenye sare ya kijani. Noah alimsalimia, akauliza habari za barabara, akauliza habari za wajukuu. Habari ya mawe hakuitaja. Chelangat alisimama mlangoni akisubiri mpaka miguu ikamuuma.

"Muonyeshe huyu jikoni," Alexander alimwambia.

Chelangat akaenda kuleta wilbaro.

"Baba, twende kituoni."

"Leo si Jumatatu," Alexander akasema.

"Leo wananunua majani."

Akamletea baba yake koti. Mawe alikuwa ameyarudisha mifukoni, yote saba. Noah alipolivaa aliyasikia. Alimtazama binti yake, kisha akafunga vifungo kimoja kimoja. Alexander aliwafuata nyuma, akinung'unika juu ya matope.

Benard alimning'iniza. "Arobaini na saba."

Alexander aliitazama namba, akamtazama dada yake, akafungua mdomo. Kabla hajasema neno, Noah, akiwa ananing'inia ndani ya gunia, aliingiza mkono kifuani akatoa jiwe, akaliachia. Likagonga sementi. Akatoa la pili. Janefer aliweka kikapu chake chini. Jiwe la tatu, la nne, na kila lilipoanguka namba ilishuka, mpaka mikono ya mzee ikabaki mitupu.

"Arobaini," Benard alisema, bila kumtazama mtu.

"Toa ya gunia."

"Thelathini na tisa, Mzee."

"Niliyaweka mwenyewe," Noah akasema, na sauti yake haikufika nyuma ya foleni, lakini Alexander aliisikia.

"Sikujua," Alexander akasema. Hakumwambia Chelangat. Alimwambia karani. Kisha akatoa simu akaiangalia, ingawa haikulia.

Chelangat alikuwa ameingoja saa hii wiki nzima, akidhani moyo utatulia. Haukutulia. Mzani ulikuwa umemsafisha jina, lakini thelathini na tisa ilikuwa thelathini na tisa, na hakuna aliyeijua vizuri kuliko yeye.

Alimkataza Benard kumsaidia. Alimtoa baba yake kwenye ndoano, akambeba kifuani mpaka kwenye wilbaro. Mdomo wa Noah ulikuwa karibu na sikio lake.

"Umewahi kubeba kilo nyingi kuliko hizi," alisema.

"Nimebeba, Baba," Chelangat akajibu, akashika mikono ya wilbaro.